Dainamo Niliyoinunua Bure

Dainamo ya kwanza, yaani mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme, niliyolitafutia gari langu la zamani ingali rafuni, imefungwa kwa karatasi yenye mafuta, na haijachaji betri hata siku moja. Niliisaka kwa karibu miezi miwili, nikaipata kwa muuzaji aliyekuwa akivunja magari ya aina hiyo, nikaifunga kwa siku nzima, kisha nikawasha injini nikiwa na hakika kwamba taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi itazima. Haikuzima. Iliwaka vilevile kama ilivyokuwa ikiwaka na dainamo ya awali, jambo ambalo kwa mtu mwenye kufikiri lingekuwa jibu tosha, lakini mimi siku ile nililichukua kuwa ushahidi kwamba sasa nina dainamo mbovu mbili.

Gari lenyewe ni Morris Minor 1000 la mwaka 1964. Ncha chanya ya betri yake imefungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Dainamo yake ni Lucas C40, ambayo ikijitahidi mwisho wa nguvu zake hutoa ampea 22. Na fyuzi ni mbili tu kwa gari zima, huku taa kubwa zikiwa hazina fyuzi kabisa. Nililipata likiwa limekaa bila kuendeshwa kwa miaka mingi. Injini haikunisumbua, ila umeme ulinitoa jasho. Betri haikupata chaji, taa kubwa zilitoa mwanga hafifu kama wa koroboi, indiketa zilipepesa zilipotaka, na waipa zilisimama katikati ya kioo. Nikakaa chini na kuandika orodha ya vipuri vya kununua: dainamo, kisanduku cha kudhibiti chaji, flasha ya indiketa, swichi ya taa, mota ya waipa. Sehemu kubwa ya vitu vilivyokuwa kwenye orodha ile havikuwa vimekufa.

Aliyenizindua ni fundi mmoja mzee wa umeme wa magari ambaye nilimpelekea dainamo zote mbili nikimwomba azifungue.

“Zote mbili mbovu, mwanangu?” akauliza. “Umezipima?”

“Sijazipima, mzee, ila taa ya chaji haizimi.”

“Basi hujui kama ni mbovu. Unajua tu kwamba taa haizimi.”

Hakuzifungua. Alinielekeza nirudishe mojawapo garini, nichomoe nyaya mbili zinazoingia kwenye vituo (sehemu za kuunganishia nyaya) vya D na F, niviunganishe vituo hivyo kwa kipande kifupi cha waya, niweke mita kati ya kipande hicho na mwili wa dainamo, kisha niwashe injini na kuongeza mwendo polepole bila kuikoromesha. Dainamo iliyo nzima hupandisha volti haraka na bila kusitasita hadi karibu 20, na hapo ndipo pa kuondoa mguu kwenye mafuta. Isipoonyesha kitu, anza na brashi za kaboni. Ikibaki kwenye nusu volti au volti moja, shuku koili za sumaku zilizofungwa ndani ya ganda. Ikifika volti nne au tano na kukwama hapo, shuku koili za kile kinachozunguka. Yote haya yamo katika vitabu vya ukarabati vya magari ya wakati ule, na kitabu hicho nilikuwa nacho kabatini. Sikuwa nimekifungua kwa sababu nilikuwa na haraka ya kununua.

Dainamo zote mbili, ile ya zamani na ile niliyoinunua, zilipanda hadi volti 20.

Niliporudi kumweleza, aliuliza swali moja tu: ninapokanyaga mafuta, taa ya chaji inafanya nini? Sikuwa nimetazama kwa makini. Nilipotazama, niliona kwamba taa hufifia injini inapoanza kuchangamka, hukaribia kuzima, kisha huanza kung’aa tena na kuzidi kung’aa kadiri mwendo unavyoongezeka. Nimejifunza kuitegemea dalili hii kuliko kifaa chochote. Taa ya chaji imekaa kati ya betri na dainamo, upande mmoja unaonja volti za betri na mwingine volti za dainamo. Zikilingana, hakuna mkondo unaopita, na taa huzima. Ikiwa dainamo inazidi kupanda huku betri imebaki palepale, taa huwaka kwa mkondo unaopita kwa kurudi nyuma. Taa ile ilikuwa inaniambia kwamba dainamo inazalisha umeme mwingi kupita kiasi, ila lango la kuupeleka kwenye betri halifunguki.

Lango hilo limo ndani ya kisanduku cha chaji chenye vituo vitano vilivyoandikwa A, A1, D, F na E. Ndani yake mna sumaku mbili ndogo za umeme: moja huunganisha njia ya kwenda kwenye betri dainamo inapofikia volti za kutosha, na nyingine huizuia dainamo isizidishe. Ili sumaku hizo zifanye kazi, mkondo wake mdogo lazima urudi kwenye bodi kupitia kituo cha E, ambacho waya wake mweusi ulikuwa umebanwa kwa skrubu moja kwenye ukuta wa injini. Niliifungua skrubu ile. Chini yake palikuwa na rangi, kwa sababu mwenye gari aliyenitangulia alipaka rangi upya kwenye ukuta wote na kurudisha kila kitu juu ya rangi ile, na juu ya rangi palikuwa na unga mweupe wa kutu. Nilipasugua kwa msasa hadi chuma kikang’aa, nikakaza, nikapaka mafuta mazito ya kuzuia unyevu. Taa ikazima. Miezi miwili ya kutafuta kipuri ilimalizwa na kipande cha msasa kisichozidi kiganja.

Tangu siku ile sinunui kifaa chochote cha umeme kabla ya kupima njia yake ya kurudi. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu naona watu wengi wakipima kwa namna inayowadanganya, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ukichukua mita ukapima ukinzani kati ya kishikio cha balbu na bodi, mita hupitisha mkondo mdogo mno. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba kati ya kumi na minne utaonekana mzima kabisa. Balbu inapodai ampea mbili kupitia uzi uleule, mambo hubadilika. Njia ya kweli ni kuwasha chombo chenyewe na kupima volti zinazopotea njiani huku kinafanya kazi. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi, na nyingine kwenye chuma cha kishikio cha balbu. Njia nzuri hupoteza sehemu ndogo tu ya volti, 0.1 au 0.2. Kwenye taa yangu ya nyuma upande wa kulia mita ilisoma volti 1.1.

Taa hiyohiyo ilikuwa na tabia iliyonishangaza: nikikanyaga breki usiku, balbu nyingine zilizomo ndani yake zilififia, na indiketa ikionyesha kulia ilikuwa ikivutana na breki, moja ikipanda nyingine ikishuka. Nilidhani nyaya zimechanganywa. Kumbe mkondo uliokosa njia ya kurudi kwenye bodi ulikuwa ukitafuta njia kupitia nyuzi za balbu nyingine. Flasha nayo ilionewa vivyo hivyo. Flasha za zamani hazina elektroniki; ndani yake mna kipande cha chuma au waya unaopashwa moto na mkondo wa balbu zenyewe, na hesabu yake imefanywa kwa balbu mbili za wati 21, yaani ampea tatu na nusu hivi. Mkondo ukipungua kwa sababu ya kutu, flasha huchelewa kupata moto, na mwenye gari hukimbilia kununua nyingine. Nilinunua mbili. Ndiyo maana pia ukiweka balbu za LED, ambazo hula mkondo kidogo sana, flasha ya aina hii hushindwa kupepesa. Na flasha nyingi za elektroniki zinazouzwa kama dawa ya tatizo hilo zimetengenezwa kwa magari yenye ncha hasi kwenye bodi, kwa hiyo hazifai kwa gari kama langu.

Hata hivyo vilikuwapo vipuri ambavyo kweli vilihitaji kubadilishwa. Swichi ya kubadilisha mwanga wa mbali na wa karibu, ambayo katika gari hili hukanyagwa kwa mguu wa kushoto, ilikuwa imejaa udongo na kutu kutokana na miaka ya viatu vyenye maji. Swichi ya taa za breki, inayosukumwa na shinikizo la mafuta ya breki, ilivuja. Rota ya distribyuta, kifaa kinachozigawia plagi umeme wa cheche, ilikuwa na ufa.

Nilianza kwa kutafuta kwa jina la gari, na huo ndio mtego. Gari la aina hii lina wapenzi wengi, na muuzaji akijua unatafuta kipuri cha Morris Minor, hutafuta rafuni kwenye sehemu iliyoandikwa Morris Minor. Asipokiona husema hakuna. Lakini kampuni ya Morris haikutengeneza swichi wala dainamo. Vilitengenezwa na Lucas, kampuni ya Birmingham iliyouza vifaa vilevile kwa watengenezaji wengi wa Uingereza. Ukisafisha kifaa cha Lucas kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mara nyingi utakuta kimegongwa maandishi: aina ya kifaa, namba yake, na tarehe ya kutengenezwa. Nilipoanza kutafuta kwa namba hiyo badala ya jina la gari, mlango ulifunguka. Swichi ya mguuni niliipata kwa mtu aliyekuwa akiuza vifaa vya Land Rover, na hakujua kwamba inaingia kwenye Morris hadi nilipomwambia.

Namba peke yake haitoshi, kwa sababu herufi moja nyuma ya namba yaweza kumaanisha mhimili mrefu zaidi, puli ya kipenyo kingine, au mota inayozunguka upande wa pili. Nikiwa sioni kifaa kwa macho, humwomba muuzaji picha tatu: ya maandishi yaliyogongwa, ya vituo vya nyaya, na ya sehemu kinapofungwa pamoja na rula kando yake. Asiyekubali kupiga picha ya rula, kwa uzoefu wangu, huwa hana kifaa mkononi.

Nimekwishajifunza pia kuogopa kile kinachoitwa kipya. Kifaa kilichotengenezwa zamani kikakaa kwenye boksi lake miaka hamsini huonekana kama lulu, na mara nyingi ni kizuri kweli, lakini grisi yake imekauka kuwa nta na mipira yake imekakamaa, kwa hiyo mota ya namna hiyo huifungua, nikaisafisha na kuipaka mafuta kabla ya kuiwekea umeme. Upande wa pili kuna nakala za kisasa. Baadhi ni nzuri, ila mbili ziliniacha barabarani. Ya kwanza ilikuwa kondensa ya distribyuta, iliyofanya kazi vizuri hadi injini ilipopata moto, kisha gari likawa linakohoa na kuzima, likipoa linawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Ya pili ilikuwa rota ambayo ribiti yake ya shaba ilipita karibu mno na mhimili wa chuma ulio chini yake, cheche ikapata njia fupi ya kwenda kwenye bodi badala ya kwenda kwenye plagi. Niliirudisha kondensa ya zamani, yenye umri wa zaidi ya nusu karne, na ndiyo iliyomo hadi leo. Kwa hiyo situpi kifaa cha zamani nilichokitoa kikiwa bado kinafanya kazi. Hukiweka ndani ya buti kama akiba.

Kuna utani wa miaka mingi miongoni mwa wapenda magari ya Kiingereza unaomwita Lucas “Mwanamfalme wa Giza”. Naona utani huo ni uonevu. Vifaa vingi nilivyovifungua vilikuwa vizima baada ya miongo sita. Kilichokufa ni maungio, na maungio hufa kwa maji, mtetemo na mikono ya watu kama mimi.

Kuhusu mikono hiyo, sina budi kueleza siku nilipokaribia kuliunguza gari.

Fyuzi za gari hili ni za kioo, na maandishi kwenye kifuniko cha kisanduku chake yanasema ampea 35. Zile za zamani zilipokwisha nilinunua pakiti ya fyuzi za kioo za ukubwa uleule zilizoandikwa 35, nikaziweka, nikasahau. Sikujua kwamba namba hiyo ilikuwa na maana mbili. Kwa desturi ya Lucas, 35 ni mkondo unaokata fyuzi. Ule inaoweza kuubeba muda wote ni nusu yake, kama ampea 17. Kwa watengenezaji wengine, namba iliyoandikwa ni mkondo ambao fyuzi huubeba bila kukatika. Nilikuwa nimepunguza kinga yangu kwa nusu kwa kuangalia namba zilizofanana.

Waya wa taa za breki, wa kijani wenye mstari wa zambarau, ulipita karibu na bawaba ya kifuniko cha buti, na ganda lake lilikuwa limelika bila mimi kuona. Siku moja nilikanyaga breki kwenye mteremko, nikasikia harufu ya plastiki, kisha nikaona moshi ukitoka chini ya dashibodi. Kwa sababu maungio mabovu ya njiani yaliuzuia mkondo usipande sana, nadhani haukuvuka ampea 30, fyuzi yangu mpya iliubeba bila wasiwasi, na waya uliotengenezwa kubeba chini ya ampea tisa ndio uliogeuka kuwa fyuzi. Nilisimama, nikazima swichi, moshi ukapungua. Spana ya kufungulia betri ilikuwa ndani ya buti, chini ya gurudumu la akiba. Niliporudi nyumbani kitu cha kwanza nilichofunga ni swichi ya kukata betri ninayoweza kuizungusha kwa mkono, na cha pili ni fyuzi za kiwango sahihi.

Waya ule ulichoma na wenzake watatu waliofungwa pamoja nao, kwa hiyo nililazimika kufungua mkanda wa nyaya kutoka dashibodi hadi nyuma. Hapo ndipo nilipojua thamani ya rangi. Katika magari ya Uingereza ya kipindi hicho, rangi ni lugha, na baadaye lugha hiyo iliwekwa katika kiwango kiitwacho BS AU7. Kahawia ni umeme wa betri usiopita kwenye swichi wala fyuzi. Mweupe ni wa swichi ya kuwashia injini kabla ya fyuzi. Kijani ni huohuo ukishapita kwenye fyuzi. Zambarau ni wa betri uliopita kwenye fyuzi. Mwekundu ni wa taa ndogo. Buluu ni wa taa kubwa, ambapo mstari mweupe huonyesha mwanga wa mbali na mstari mwekundu mwanga wa karibu. Mweusi huenda kwenye bodi. Mtu akishaijua lugha hii anaweza kunyanyua waya mmoja katikati ya gari na kujua unatoka wapi. Aliyenitangulia alikuwa ametumia waya mwekundu kila mahali kwa sababu ndio aliokuwa nao, na nilipoteza siku mbili nikifuatilia kilichokuwa kikionekana kama taa ndogo kumbe ni honi.

Unene nao nilikuwa nikiukadiria kwa macho. Nyaya za zamani ziliandikwa kwa idadi ya nyuzi na kipenyo cha uzi mmoja kwa inchi, kwa mfano 14/.012, ambayo leo huuzwa kama 14/0.30, yaani nyuzi 14 za milimita 0.30, jumla milimita 1 ya mraba, wenye kubeba ampea 8.75. Wenye nyuzi 28 ni milimita 2 za mraba na hubeba ampea 17.5. Ganda nene la plastiki laweza kuficha shaba kidogo, kwa hiyo huhesabu nyuzi kwenye ncha iliyokatwa kabla ya kulipa.

Kabla sijautoa mkanda wa zamani, nilifunga kibandiko kwenye kila ncha, nikapiga picha kila kituo, kisha nikafunga kamba imara kwenye mwisho wake ili wakati ninauvuta kutoka, kamba ibaki ndani ya njia na kunisaidia kuuingiza mpya. Kazi hii ya vibandiko ilichukua muda mrefu kuliko kuunganisha kwenyewe, na sijuti hata dakika moja. Kwenye maungio nilifuata mtindo wa zamani, yaani vichwa vya shaba vya umbo la risasi vyenye kipenyo cha milimita 4.7 vinavyoingia kwenye mirija iliyovikwa mpira, lakini nilivibana kwa koleo lake maalumu badala ya kuviunganisha kwa lehemu. Lehemu hupanda kwa kunyonywa ndani ya nyuzi, waya ukawa mgumu kama kijiti kwa kipande kifupi, na pale ugumu unapoishia ndipo mtetemo unapoukata. Wapo mafundi hodari wanaolehemu kila kichwa na kazi yao hudumu, kwa kuwa huushikiza waya usicheze. Mimi sina mkono huo. Mirija ya bei rahisi niliikataa baada ya kuijaribu kwa sumaku, kwani mingine ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, nacho hushika kutu kabla ya mwaka kwisha.

Nilibakiwa na taa kubwa. Betri ilisoma volti 12.4 huku taa zikiwaka, lakini kwenye balbu mita ilisoma 10.2. Volti mbili na ushee zinaonekana chache, ila mwanga wa balbu ya uzi hauporomoki kwa uwiano sawa na volti; hushuka kwa kasi zaidi, na kwa upungufu ule nilikuwa nikipata karibu nusu tu ya mwanga wangu. Kusafisha maungio kulinirudishia sehemu. Iliyobaki ilikuwa ikipotelea kwenye njia ndefu kutoka kisanduku cha chaji hadi swichi ya dashibodi, kutoka hapo hadi swichi ya mguuni, kisha mbele, mkondo wote wa ampea kumi ukipita kwenye swichi zilizozeeka.

Nilifunga rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa na sumaku ndogo ya umeme, karibu na taa, moja kwa mwanga wa mbali na nyingine kwa wa karibu. Vituo vya rilei huandikwa kwa namba za kiwango cha Kijerumani DIN 72552: umeme mwingi huingia 30 na kutoka 87, na ile sumaku ndogo ya kuamrisha iko kati ya 85 na 86. Nyaya za buluu za zamani sasa hubeba amri tu, kiasi cha sehemu ndogo ya ampea moja, na swichi ya mguuni haipati tena joto. Mambo mawili nusura yanikoseshe. Kwanza, rilei nyingine zina diodi ndani yake, na diodi haikubali umeme uingie kinyume, kwa hiyo kwenye gari lenye ncha chanya kwenye bodi nilichagua zisizo nayo. Pili, nilitaka kuchukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kama michoro mingi inavyoonyesha, lakini yule fundi mzee alinirudisha kwenye kituo cha A1, pale umeme wa taa ulipokuwa ukichukuliwa tangu kiwandani, kwa sababu kisanduku cha chaji huhisi mzigo unaopita hapo na kuurekebisha utendaji wa dainamo kulingana nao. Kila rilei ina fyuzi yake, ili mwanga wa mbali ukikatika usiku nisibaki gizani.

Balbu zenyewe nimeziacha za wati 60. Zipo za wati 100, na nilishawishika, hadi nilipokaa na kujumlisha: taa kubwa ampea 10, taa ndogo na za dashibodi 2, koili ya cheche za plagi 3 au 4, waipa 3, pampu ya mafuta 1. Hiyo ni karibu 20 kwa dainamo ya 22, na bado sijakanyaga breki. Wengi wenye magari kama hili hufika hapa wakaamua kuweka alteneta, mashine ya kisasa zaidi ya kuzalisha umeme, mahali pa dainamo. Lucas 17ACR hutoa ampea 36, nayo hudai betri igeuzwe ili ncha hasi iwe kwenye bodi. Stata haitajali, koili itabidi ibadilishiwe nyaya zake, na kila chenye diodi au sumaku ya kudumu kitahitaji kuangaliwa. Sioni kosa katika uamuzi huo. Mimi huendesha usiku mara chache, na sikutaka kuanza safari nyingine ya kutafuta vipuri wakati ile ya kwanza ilikuwa ndiyo imekwisha.

Siku nilipomaliza nilipima tena kwenye balbu: volti 11.9 injini ikiwa imezimwa, na 13.3 ikiwa katika mwendo wa wastani. Niliishusha na ile dainamo ya rafuni, nikaipima upya, nikaifungia kibandiko chenye namba yake, mwezi na mwaka iliyogongwa, na volti 20 ilizotoa. Waipa bado zinasimama katikati ya kioo. Nimeshapima njia yake ya kurudi, na safari hii ni mota kweli. Muuzaji mmoja anayo yenye namba inayofanana na yangu, nami ninasubiri picha yenye rula.